Uwanja wa chuo ukikarabatiwa Marekani, deni linabaki kwa nani?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, nasoma shahada ya uzamili katika chuo cha umma Marekani chenye wanafunzi wapatao 20,000. Chuo kinataka kukarabati uwanja wa futiboli ya Kimarekani kwa dola milioni 140. Uwanja una viti 25,000, lakini msimu uliopita watazamaji walikuwa wastani wa 14,000 kwa mechi, na mechi za nyumbani zilikuwa sita. Mwezi ujao wanafunzi tunapiga kura kama ada ya michezo iongezwe dola 120 kwa muhula. Tunaambiwa tiketi na wafadhili ndio watakaolipa sehemu kubwa, na kwamba uwanja utainua jina la chuo na biashara za mji. Mchezo wenyewe siuelewi vizuri. Je, haya ni kweli? Nipige kura ipi?

JIBU: Ndugu yangu, si lazima uuelewe mchezo ndipo upime hesabu zake. Nianze na namba ulizonipa mwenyewe, maana zinasema mengi kuliko vipeperushi mlivyogawiwa.

Vyuo vya Marekani vikitaka kujenga, mara nyingi huuza hatifungani, yaani hukopa kwa wawekezaji na kuwarudishia fedha zao pamoja na riba kwa miaka mingi. Tuchukulie miaka 30 na riba ya asilimia 5. Kwa masharti hayo, kila dola milioni 100 hudai marejesho ya takriban dola milioni 6.5 kwa mwaka. Milioni 140 zitadai milioni 9.1 kila mwaka, na mpaka deni liishe chuo kitakuwa kimelipa karibu milioni 273. Sasa gawanya milioni 9.1 kwa mechi sita. Kila mechi lazima itoe dola milioni 1.5 za deni peke yake, kabla hujalipa umeme, polisi, usafiri wa timu na mshahara wa kocha. Kwa watazamaji 14,000 hiyo ni zaidi ya dola 100 kwa kila kichwa. Hata viti vyote 25,000 vikijaa, bado ni dola 61 kwa kiti, katika kila mechi, kwa miaka 30.

Rudi kwenye ada. Wanafunzi 20,000 wakilipa dola 240 kwa mwaka, zinapatikana milioni 4.8. Fedha hizo zinatosha kubeba deni la takriban dola milioni 74. Yaani zaidi ya nusu ya mradi huu mnaubeba ninyi wanafunzi, pamoja na wale ambao bado wako shule ya msingi na hawajui kama watasoma hapo. Anayesema tiketi na wafadhili watalipa sehemu kubwa aonyeshe hesabu yake, kwa sababu kwa namba hizi haitimii.

Hata hivyo sitaki uelewe kwamba kila ukarabati ni ufujaji. Viwanja vingi vya vyuo vikubwa vilijengwa miaka ya 1920, baadhi kama kumbukumbu ya wanafunzi waliokufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Zege la miaka mia moja, lililopigwa na theluji na chumvi ya kuyeyushia barafu, hupasuka, na maji yakiingia ndani nondo hushika kutu. Vyoo ni vichache, hasa vya wanawake. Njia za kupita ni nyembamba kwa umati wa leo. Mwenye kiti cha magurudumu mara nyingi hana pa kukaa. Chuo Kikuu cha Michigan kilishtakiwa na chama cha maveterani waliopooza kuhusu jambo hili kilipokuwa kinapanga kupanua uwanja wake, na mwaka 2008 pande zote zikafikia suluhu ya kuongeza sehemu za watu wenye ulemavu. Matengenezo ya namna hii ni wajibu, na ukiyaahirisha gharama hukua. Uwanja wenu ukiwa na kasoro za aina hiyo, mtu asikudanganye kwamba kutokufanya lolote ni bure.

Penn State, chuo cha jimbo la Pennsylvania, wanatoa mfano mzuri wa sababu halisi. Uwanja wao, Beaver Stadium, unaingiza zaidi ya watu 106,000, lakini haukujengwa kwa ajili ya majira ya baridi. Msimu ukiisha ilibidi maji yatolewe kwenye mabomba yasije yakaganda na kuyapasua, kwa hiyo katikati ya baridi vyoo na majiko havikuweza kutumika. Hilo halikuwasumbua sana mpaka mashindano ya mtoano ya vyuo yalipopanuliwa kufikia timu 12 mwaka 2024, na mechi za raundi ya kwanza zikapelekwa kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe, mwezi wa Desemba. Tarehe 21 Desemba mwaka huo Penn State iliikaribisha timu ya chuo cha SMU cha Texas kwenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri, na kazi ya kuandaa mabomba kwa ajili ya baridi ilikuwa imeshaanza kuzaa matunda. Mei ya mwaka huohuo bodi ilikuwa imeidhinisha ukarabati wa dola milioni 700 unaotarajiwa kukamilika mwaka 2027, kwa ahadi kwamba idara ya michezo italipa yenyewe bila kugusa karo wala kodi. Mfadhili mmoja alitoa dola milioni 50 na sehemu ya kuchezea ikapewa jina la kampuni yake.

Mwaka uliofuata, Mei 2025, bodi hiyohiyo ilipiga kura kufunga matawi saba ya chuo kwa sababu ya uhaba wa wanafunzi na fedha. Mifuko ni tofauti, na kisheria huwezi kuchukua hela ya tiketi za VIP ukaendeshea tawi la kijijini kirahisi hivyo. Lakini mwanafunzi wa tawi linalofungwa haoni mifuko, anaona vipaumbele. Naona ana haki ya kuuliza.

Kisa ambacho kila mpiga kura wa chuo chenu angepaswa kukijua ni cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nakieleza kwa urefu kwa sababu karibu kila hatari ya mradi kama wenu imejitokeza pale.

California Memorial Stadium ulifunguliwa mwaka 1923 juu ya ufa wa Hayward, mmoja wa nyufa hatari za tetemeko la ardhi katika jimbo hilo. Ufa unapita chini ya uwanja wenyewe, kutoka upande wa goli moja kuelekea upande wa lingine. Kwa miongo mingi ardhi ilikuwa ikijivuta polepole, kuta zikiachana kidogo kidogo, na huku ndani kuna ofisi na wachezaji kila siku ya wiki. Hapo hapakuwa na mjadala, ilibidi kufanya kitu. Wahandisi walikata sehemu za uwanja zilizo juu ya ufa zikawa vipande vinavyojitegemea, ili tetemeko likija kila kipande kisogee peke yake bila kuuvuta uwanja mzima. Ni kazi ya kiuhandisi ya kuheshimika kweli. Uwanja ulifunguliwa upya Septemba 2012, kwa gharama ya dola milioni 321, na kituo kipya cha wanamichezo kando yake kikafikisha jumla karibu milioni 474.

Tatizo lilikuwa kwenye malipo. Chuo kilitangaza kwamba hakitatumia karo wala fedha za masomo. Mpango ulikuwa kuuza haki ya kukalia viti bora kwa muda mrefu sana, hadi miaka 50, kwa bei ya kati ya dola 40,000 na 225,000 kwa kiti kimoja, na kukusanya dola milioni 270. Wanunuzi waliruhusiwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka. Mpango ulizinduliwa wakati uchumi wa Marekani unaporomoka. Kisha uwanja ukafunguliwa na timu ikaanza kufungwa, ikishinda mechi 3 na kupoteza 9 mwaka 2012, halafu ikashinda 1 na kupoteza 11 mwaka 2013. Nani alipe bei ya nyumba kwa kiti cha kuangalia timu inayofungwa kila Jumamosi? Mauzo yakabaki mbali na lengo.

Deni, lenyewe, halikupungua. Lilikuwa karibu dola milioni 445, na riba tu ilikuwa ikila karibu milioni 18 kwa mwaka. Mwishowe, mwaka 2018, uongozi wa chuo uliiondolea idara ya michezo sehemu kubwa ya deni hilo, ile iliyohusu usalama wa tetemeko, ukaihamishia kwenye bajeti kuu. Ile ahadi ya kutogusa fedha za chuo ikawa imeishia hapo.

Wakajaribu njia nyingine. Agosti 2021 waliuza jina la uwanja wa kuchezea kwa kampuni ya sarafu za kidijitali ya FTX kwa dola milioni 17.5 kwa miaka 10. Novemba 2022 FTX ikafilisika. Mwaka 2023 ligi yao, Pac-12, ikasambaratika baada ya vyuo vikubwa kuhamia kwingine kufuata fedha za televisheni, na Berkeley ikaingia ligi ya ACC kwa kukubali asilimia 30 tu ya mgao wa matangazo kwa miaka ya mwanzo. Katika miaka kumi na kidogo, tiketi, wadhamini na televisheni, zote tatu ziliyumba. Na hiki ni mojawapo ya vyuo mashuhuri zaidi duniani, katika eneo lenye matajiri wengi kuliko karibu popote Marekani.

Ninachokiona katika visa hivi ni kwamba bei ya ukarabati si swali la kwanza. La kwanza ni nani amesaini kulipa iwapo mapato hayatafika. Kocha ataondoka, rais wa chuo atastaafu, wewe utarudi Dar au utapata kazi Houston, na ligi inaweza kuvunjika. Hatifungani haina pa kwenda.

Mbona basi kuna vyuo vinavyofanya hivi na kufaidika? Vipo, na vinafanana. Michigan ilimaliza ukarabati wa dola milioni 226 mwaka 2010, ikaongeza vyumba vya faragha na viti vya klabu kwenye pande mbili. Lakini Michigan hujaza watu zaidi ya 100,000 mechi baada ya mechi, na kuna foleni ya watu walio tayari kulipa zaidi wakae pazuri. Ukarabati wa namna hii huvuna mahitaji ambayo tayari yapo. Hauyazalishi. Nyinyi mna viti 11,000 vitupu kila mechi, kwa hiyo hakuna anayelazimika kununua kiti cha ghali ili aone mchezo, kwani cha rahisi kipo.

Soko la viti hivyo pia limebadilika. Zamani mtu aliyetoa mchango kwa chuo ili apate haki ya kununua tiketi za msimu aliruhusiwa kukata asilimia 80 ya mchango huo kwenye hesabu zake za kodi. Serikali ya Marekani ilikuwa inamchangia mshabiki bila kusema. Sheria ya kodi ya mwaka 2017 ilifuta nafuu hiyo. Mradi unaonukuu mafanikio ya vyuo vingine kabla ya hapo unanukuu zama zilizopita.

Na angalia mwelekeo wa viwanja vyenyewe. Stanford mwaka 2006 ilipunguza uwanja wake kutoka viti 85,500 hadi 50,000. Northwestern walibomoa uwanja wa watu 47,000 na kuanza kujenga wa 35,000 kwa zaidi ya dola milioni 800, wakibebwa na familia moja tajiri. Watu wanaangalia nyumbani kwenye televisheni kubwa, kwa hiyo vyuo vinataka viti vichache vyenye bei kubwa. Katika mchoro wa ukarabati wenu, tafuta wanafunzi wamewekwa wapi. Mara nyingi husukumwa kwenye kona nyuma ya magoli, na katikati huuzwa. Sijui kama mmeonyeshwa mchoro huo. Mkitozwa ada muone na nafasi mnayoilipia.

Kuhusu biashara za mji, hapo nitakuwa mkali kidogo. Siku ya mechi hoteli hujaa, baa hujaa, na mwenye mgahawa atakuapia kwamba bila futiboli angefunga. Anasema kweli kuhusu duka lake. Lakini wachumi wa michezo wamelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu. Baade, Baumann na Matheson walipima athari za mechi za vyuo kwenye miji mwaka 2008, na hawakuona ongezeko la maana la ajira wala kipato cha wakazi. Sababu zinaeleweka. Mkazi aliyetumia dola 80 uwanjani hakuzitumia kwenye sinema au mgahawa wiki hiyo. Mwingine anakimbia foleni za magari, haji mjini kabisa. Faida ya hoteli kubwa huenda makao makuu ya kampuni, nje ya jimbo. Na zaidi ya yote, mechi zilikuwepo kabla ya ukarabati. Watazamaji 14,000 wale wale wakikaa kwenye viti vipya, mji haujapata mgeni hata mmoja wa ziada. Kinachopaswa kuhesabiwa ni ongezeko tu, na vipeperushi vingi huhesabu kila mtu anayeingia getini.

Jina la chuo je? Hapa kuna ukweli kiasi. Utafiti wa Devin Pope na Jaren Pope wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba timu ikimaliza katika 20 bora kitaifa, maombi ya kujiunga na chuo huongezeka kwa asilimia 2 hadi 8. Ni faida halisi, ila inatokana na kushinda. Zege haliombewi nafasi ya masomo. Ukarabati unaweza kusaidia kuvutia wachezaji, lakini kila mpinzani wenu naye anakarabati, kwa hiyo mnalipa wote na mnabaki pale pale kwenye msimamo.

Kuna njia ya kuufanya uwanja ufae zaidi ya Jumamosi sita. Ninaupenda mfano wa Notre Dame, chuo cha Indiana, waliotumia zaidi ya dola milioni 400 na kukamilisha mwaka 2017 majengo matatu yaliyoungana na uwanja. Ndani mna kituo cha wanafunzi, idara za saikolojia na anthropolojia, na muziki. Jumatatu asubuhi watu wanasoma pale. Vingine hukodisha. Michigan Stadium ilipokea mechi ya Manchester United na Real Madrid Agosti 2014, mbele ya watazamaji 109,318, na Kyle Field ya Texas A&M, iliyokarabatiwa kwa karibu dola milioni 485, ilijaza watu 110,905 kwenye tamasha la George Strait Juni 2024. Ila matukio hayo hufuata viwanja vikubwa na miji inayofikika. Mkiambiwa tamasha zitalipa deni, ulizeni ni mkataba gani umeshasainiwa.

Kwa ukubwa, chuo chenu kinanikumbusha zaidi Akron, Ohio, kuliko Michigan. Akron ilifungua uwanja mpya wa watu 30,000 mwaka 2009 kwa takriban dola milioni 61, watazamaji hawakuja kama ilivyotarajiwa, na deni likabaki. Mwaka 2015 chuo kikiwa na pengo kubwa la bajeti kilifuta nafasi za kazi zaidi ya 200 pamoja na timu ya besiboli. Uwanja haukuwa sababu pekee ya pengo hilo, lakini marejesho ya mkopo hayakuweza kupunguzwa kama walivyopunguzwa wafanyakazi.

Jambo la mwisho ni jipya. Juni 2025 mahakama iliidhinisha suluhu inayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Mimi naiona kuwa haki yao, wamezalisha fedha hizi kwa miaka mingi. Chuo chenu pengine hakitafika kiwango hicho, lakini kikitaka kushindana kitalipa kitu, na malipo hayo yatagombea mapato yaleyale yanayotarajiwa kulipa uwanja. Kama makadirio ya mradi yaliandikwa kabla ya hapo, yamepitwa.

Sasa kura yako. Kwa jinsi ulivyonieleza, mimi ningepiga ya hapana. Ningebadili msimamo kama chuo kingetenganisha kazi za usalama, vyoo na njia za wenye ulemavu, kikazipa bajeti yake peke yake, na kuweka ada ndogo yenye tarehe ya kukoma iliyoandikwa. Vyumba vya faragha na ubao mkubwa wa skrini vijengwe wafadhili wake wakishalipa taslimu, maana ahadi ya mfadhili si fedha mpaka iingie benki.

Kabla ya siku ya kura omba nyaraka mbili. Ya kwanza ni taarifa ya fedha ambayo idara ya michezo huwasilisha kila mwaka NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Chuo chako ni cha umma, kwa hiyo una haki ya kuiomba kwa sheria ya kumbukumbu za umma ya jimbo. Itazame mistari miwili, ada za wanafunzi na ruzuku kutoka chuoni, uone idara inajitegemea kiasi gani leo. Vyuo vinavyojitegemea kabisa ni vichache sana. Ya pili ni waraka wa toleo la hatifungani zilizopita za chuo, unaopatikana bure kwenye EMMA, tovuti inayohifadhi nyaraka za hatifungani za taasisi za umma Marekani. Nenda moja kwa moja sehemu inayoeleza dhamana ya marejesho. Ikiandika kwamba mkopo umewekewa dhamana ya mapato ya jumla ya chuo au ada za wanafunzi, basi chuo au wanafunzi ndio watakaolipa tiketi zisipouzika, hata kama mkutanoni mliambiwa vingine. Peleka ombi la ile ya kwanza wiki hii, kwa sababu ofisi hizo huchukua muda kujibu, na jibu likija baada ya kura halitakusaidia.